Kaseti za gemu na chumvi ya Malindi

Kinachoua kaseti ya gemu hapa Malindi si umri wake. Kaseti ya Nintendo ya mwaka 1987 inaweza kuwaka leo na kuchezeka bila tatizo, kwa sababu gemu yenyewe ilitiwa ndani ya chipu tangu kiwandani na haifutiki kwa kuwashwa na kuzimwa. Kinachoziua ni chumvi na unyevu wa hewa vinapokutana. Vinafanya kazi polepole, usiku na mchana, na mtu anaweza kuipenda mali yake, akaifungia kabatini vizuri, na siku ya kuitoa akaikuta imeliwa. Nimekuwa nikizikusanya na kuzitengeneza kwa miaka mingi, na maelekezo mengi niliyoyasoma yameandikwa na watu wa nchi za baridi na hewa kavu. Hawana kusi, hawana masika, hawana bahari mita mia mbili kutoka kitandani. Kwa hiyo naandika ya kwetu, kwa aliyeko Watamu, Lamu, Mombasa, hata Tanga na Unguja.

Kaseti zangu zimetoka pande mbili. Kuna zile tulizokua nazo wengi wetu miaka ya 1990: za Kichina, njano, nyekundu na buluu, zilizouzwa pamoja na mashine zilizoiga Famicom, ile mashine ya Nintendo iliyotoka Japani mwaka 1983. Meno yake, yaani vile vibati vya mdomoni vinavyogusana na mashine, ni 60. Kibandiko kinatangaza maelfu ya gemu, ukiiwasha unakuta chache zinazorudiwarudiwa kwa majina mengine, na bado mtaa mzima ulijaa sebuleni kwa mwenye nayo. Halafu kuna za Waitaliano. Malindi imekaliwa na Waitaliano kwa miongo kadhaa, na nyumba yao ikiuzwa vitu vya ndani hutolewa: vitanda, majiko, vitabu, na mara nyingine boksi la vitu vya kuchezea vya watoto ambao sasa ni watu wazima huko Milano. Humo nimepata kaseti za kijivu za meno 72, za NES (toleo la mashine hiyo ya Nintendo kwa Marekani na Ulaya) iliyosambazwa Italia na kampuni ya Mattel, na baadhi za Mega Drive, mashine ya Sega. Hizi zilitengenezwa kwa mfumo wa PAL, mfumo uleule wa televisheni zetu za zamani, kwa hiyo picha inatoka bila usumbufu.

Sasa chumvi. Ukitoka Malindi kwenda kaskazini, ukavuka Mto Sabaki na kuipita Mambrui, utafika Gongoni na Marereni kwenye mashamba ya chumvi. Maji ya bahari huingizwa mabwawani, jua na upepo huyakausha, chumvi ikabaki. Majumbani mwetu jambo hilo linatokea bila mtu kulipanga. Wimbi likipasuka kwenye mwamba hurusha matone madogo mno, maji yake hukauka hewani, na chembe za chumvi huingia madirishani na kutua juu ya kila kitu. Chumvi ikiwa kavu haina madhara makubwa. Shida ni kwamba unyevu wa hewa ukipita takriban asilimia 75, chumvi ya kawaida huanza kunyonya maji kutoka hewani mpaka yenyewe ikayeyuka. Kila aliyepika pwani analijua hili: masika ikiingia, kibakuli cha chumvi hulowa na hakuna aliyekimwagia maji. Alfajiri nyingi hapa Malindi hewa huwa na unyevu zaidi ya huo. Chembe iliyokuwa imelala juu ya jino la kaseti inageuka tone la maji ya chumvi, mchana linakauka, usiku linarudi tena.

Jino la kaseti ni shaba, juu yake tabaka la nikeli, juu kabisa dhahabu nyembamba sana. Dhahabu haipati kutu. Lakini ina vitundu visivyoonekana kwa macho, na kila kaseti inapochomekwa na kuchomolewa inachubuka kidogo. Maji ya chumvi hupenya hapo, yanaifikia shaba, na shaba inaanza kutoa kutu ya kijani. Kaseti nyingi za Kichina dhahabu yake ni ya jina tu, na ndizo zinazoharibika upesi.

Nilipata kaseti moja kutoka nyumba inayotazama bahari upande wa Silversands. Ilikuwa imesimamishwa kwenye rafu iliyo wazi karibu na dirisha, mdomo juu. Kwa nje ilikuwa safi, kibandiko kizima, rangi nzuri. Nilipoifungua (Nintendo hutumia skrubu zisizokubali bisibisi ya kawaida, za kaseti ni za milimita 3.8 na za mashine zake za baadaye, kama Super Nintendo, ni milimita 4.5, nunua bisibisi zote mbili) nikaona vumbi jeupe limetanda kwenye mzizi wa meno. Nililigusa kwa ncha ya pamba, likashika unyevu hapohapo. Meno ya katikati yalikuwa bado yanang'aa. Ya pembeni yalikuwa na ukoko wa kijani, mnene kiasi cha kuhisiwa kwa ukucha, na jino la mwisho kabisa lilikuwa limeliwa upande mmoja hadi limebaki nusu ya upana wake. Chini ya ukoko, kwenye ubao wa saketi, njia ya shaba inayotoka kwenye jino hilo ilikuwa imeanza kuvimba chini ya rangi yake.

Niliipeleka kwa fundi wa televisheni ninayemwamini, mtu mwenye mkono mzuri sana wa kulehemu. Alivyoiona tu akanyoosha mkono kuchukua msasa.

"Hii ndogo, kaka. Nipitishe msasa mara mbili, itashika."

"Itashika leo, fundi," nikamwambia. "Lakini dhahabu ikishaondoka, masika ijayo tutaanza upya. Tujaribu kwa maji kwanza."

Akacheka kwa mshangao. Maji kwenye saketi! Lakini hapa ndipo pwani inapotofautiana na maelekezo ya wengine. Kila mahali utaambiwa usafishe meno kwa alkoholi ya isopropili yenye nguvu ya asilimia 90 na zaidi. Ni kweli inaondoa mafuta ya vidole na uchafu mwingi, na inakauka haraka. Chumvi haiondoi. Chumvi karibu haiyeyuki kabisa ndani ya alkoholi hiyo; unachofanya ni kuisogeza kutoka jino moja hadi jingine. Kinachoyeyusha chumvi ni maji. Kwa hiyo mimi huanza na maji safi yasiyo na madini, yale yanayouzwa vituo vya petroli kwa ajili ya betri za gari. Hakikisha umepewa maji, si asidi, kwa sababu chupa hukaa rafu moja. Maji ya bomba siyatumii, na ya kisima ndiyo kabisa, visima vyetu vingi vina chumvi yake wenyewe. Nalowesha pamba ya masikio, naikamua, napitisha kwenye meno kufuata urefu wake, natupa, nachukua nyingine. Pamba ikianza kutoka nyeupe, ndipo nafuatisha alkoholi kufukuza maji yaliyobaki. Kisha kaseti inakaa wazi mbele ya feni mpaka kesho yake.

Kwa ukoko wa kijani nilitumia siki nyeupe kidogo kwenye ncha ya pamba, juu ya ukoko peke yake, nikaisafisha mara kadhaa kwa maji yale yale ya betri ili asidi ya siki isibaki. Fundi akaunganisha ile njia iliyovimba kwa waya mwembamba. Kaseti inafanya kazi, na fundi yule sasa ana chupa ya maji kwenye meza yake.

Spiriti ya hospitali usitumie kama hujaona iliyomo ndani. Nyingine zina mafuta yanayobaki juu ya meno. Kifutio cha penseli nacho ni msasa mlaini, kinakwangua dhahabu kidogo kidogo. Na Nintendo wenyewe, kwenye kibandiko cha nyuma cha kaseti za NES, wameandika tusisafishe kwa benzini, thina wala alkoholi. Naliheshimu onyo hilo kwa plastiki na kibandiko: alkoholi ikigusa wino wa kibandiko unaweza kuuharibu mara moja. Kwa meno peke yake, kwa pamba isiyochuruzika, naona faida inashinda hatari, na sijaona njia bora.

Tuliokua miaka ile tulikuwa tunapuliza. Kaseti ikigoma unaitoa, unaipuliza ndani, unairudisha, inawaka. Iliyokuwa inasaidia si pumzi, ni kule kuitoa na kuirudisha, meno yakapata kukaa sawa. Pumzi ina mate, na mate ni unyevu mwingine juu ya chumvi iliyopo. Watoto wa dada yangu wakija kucheza nawaambia hilo kabla hawajashika chochote, na wamelishika vizuri kuliko wakubwa.

Mama yangu ni mtu wa kutunza vitu, na kwa muda mrefu kaseti zilikaa kwake, ndani ya sanduku lake la mbao. Siku moja nikaenda kuzitazama, harufu ikanipokea mlangoni.

"Mwanangu, nimekutilia naftalini humo, mende wasije wakakulia mali yako."

"Ahsante mama, Mungu akuweke. Lakini mvuke wa naftalini unaweza kulainisha plastiki, na hukaa juu ya vitu ukaganda. Bora tuzitoe."

"Na mende?"

"Nitaleta boksi lisiloingilika."

"Haya. Ila hilo boksi liwe na mfuniko wa kweli, si kama yale ya sukari."

Alikuwa na haki juu ya mende. Wanapenda gundi ya vibandiko na makaratasi ya maboksi ya gemu, na uchafu wao una asidi. Boksi la karatasi ngumu ni nyumba yao, kwa hiyo kadibodi yoyote ambayo si boksi halisi la gemu nimeiondoa. Jambo jingine la nyumba zetu ni udi. Ijumaa na siku za harusi chetezo huzungushwa vyumba vyote, na moshi wa udi na ubani huacha utando wa mafuta unaonata, vumbi la chumvi likishika hapo halitoki kwa kupanguswa. Sitaki kumnyima mtu udi nyumbani mwake. Chumba cha kaseti mlango unafungwa kabla chetezo hakijawashwa, na nyumba nzima inajua.

Maboksi niliyochagua ni ya plastiki, yenye ukanda wa raba kwenye mfuniko na vibanio pande nne. Geuza boksi uangalie pembetatu chini yake: namba 5 au 2 ni salama. Namba 3 ni PVC, iache dukani, kwa sababu ikizeeka hutoa kemikali zinazoshambulia chuma na kunata kwenye plastiki nyingine. Raba za kufungia noti pia usizitumie kufunga kaseti. Zina salfa, na kwenye joto letu huyeyuka zikaacha alama isiyotoka. Kila kaseti inaingia kwenye mfuko wake wa plastiki, mdomo wa meno ukiwa chini. Za NES zilizokuja na mfuko wake mgumu mweusi, hakuna bora kuliko huo.

Ndani ya boksi kuna silika jeli, yale mapunje yaliyomo kwenye vipakiti vya viatu vipya. Vipakiti vya viatu vyenyewe havifai, vimeshashiba unyevu kabla hujavifungua. Nunua mapunje kwa kilo, yale ya rangi ya machungwa yanayogeuka kijani yakilowa. Yale ya buluu yanayogeuka waridi yana chumvi ya kobalti, ambayo ni sumu, na kwangu kuna watoto. Hewa ikijaa unyevu, silika inaweza kunywa maji karibu thuluthi ya uzito wake, halafu ukiikausha kwenye oveni kwa moto wa nyuzi kama 110 hadi 120 inarudi kazini. Mchele haufai. Unanyonya kidogo sana, una vumbi la wanga, na unaita fukusi.

Kisha weka kipima unyevu ndani ya kila boksi. Vile vidogo vya betri ni vya bei nafuu, na bila hicho unabahatisha. Nalenga asilimia 40 hadi 50. Ikipita 65 ukungu unaanza kupata nafasi, na ikikaribia 75 umesharudi kwenye habari ya chumvi. Ikishuka mno nayo si nzuri, karatasi za vibandiko hukakamaa na gundi kuachia.

Kazi yenyewe inafuata pepo. Wakati wa kaskazi, kuanzia Desemba hadi Machi, ndipo nafungua maboksi, nasafisha, nabadilisha mifuko, nacheza kwa raha. Hata hapo nafungua baada ya adhuhuri, jua likiwa kali, kwa sababu unyevu wa hewa hushuka joto likipanda. Alfajiri ndiyo saa mbaya kuliko zote. Kabla masika haijaanza silika yote inakaushwa na maboksi yanafungwa. Kuanzia Aprili mvua ikishika na kusi ikaanza kuvuma kutoka baharini, ninachofungua ni boksi moja tu la gemu tunazocheza, mengine yanapumzika. Dirisha la chumba kile lina pazia zito mwaka mzima. Plastiki ya kijivu ya miaka ya 1980 na 1990 hugeuka manjano kwa jua na joto, na ikishageuka kuirudisha ni kazi ya kemikali ambayo mimi siipendi.

Wenye chumba cha AC wajihadhari na kitu kimoja. Kaseti iliyopoa ikitolewa ghafla kwenye hewa ya nje, unyevu huganda juu yake na ndani yake, maji kabisa. Itoe ikiwa bado ndani ya boksi lililofungwa, boksi likae mpaka lipate joto la nje, ndipo ulifungue.

Shangazi yangu wa Lamu, kule Mkomani, alinipa nafasi kwenye zidaka, vile vishubaka vya ukutani, za chumba chake cha ndani, akaniambia vyombo vya bibi zake vilikaa hapo miaka na miaka. Nyumba yake ni ya mawe ya matumbawe na boriti za mikoko, ukuta mnene, ndani kuna ubaridi mtamu. Lakini jiwe la matumbawe limetoka baharini, na ukuta wake hunyonya unyevu kutoka chini ardhini. Utaona chokaa inavyobanduka na unga mweupe wa chumvi unavyotoka sehemu ya chini. Vyombo vya kaure haviguswi na hayo. Kaseti zitaguswa. Kwa hiyo kwa aliye Lamu ushauri wangu ni huu: panda ghorofa ya juu, boksi lisigusane na ukuta, acha nafasi ya vidole vinne hewa ipite. Shangazi alinipa meza ya katikati ya chumba badala ya zidaka, na kaseti nilizomwachia zinaendelea vizuri.

Nimeiacha betri mwisho kwa sababu ndiyo inayoniuma zaidi. Kaseti zinazohifadhi mchezo wako, kama The Legend of Zelda ya NES, zina betri ndogo ya duara ya volti 3, CR2032, iliyolehemiwa kwenye saketi. Gemu iko kwenye chipu isiyofutika, lakini majina na hatua mlizofika ziko kwenye kumbukumbu inayoishi kwa betri hiyo. Betri ikifa, yanapotea. Kaseti za Pokémon Gold na Silver, za mashine ya mkononi ya Game Boy, zina saa ndani yake inayotembea muda wote, kwa hiyo CR2025 yake huisha mapema kuliko za wenzake. Na betri kuukuu inaweza kuvuja, ikachafua saketi iliyo pembeni yake.

Zelda ninayo ambayo kaka yangu aliimaliza kabla hajaenda kufanya kazi Muscat. Jina lake liko pale kwenye nafasi ya kwanza. Kila tukiizima bado tunabonyeza RESET na kuishikilia huku tunazima, kama gemu yenyewe inavyoagiza, ili kumbukumbu isiharibike. Ukichomoa betri kwa haraka, jina linafutika papo hapo. Njia salama ni kunakili kumbukumbu kwanza kwa kifaa cha kusomea kaseti kinachoungwa na kompyuta kwa USB, kisha kubadilisha betri, kisha kuirudisha. Betri mpya iwe ile iliyokwisha kuunganishwa vibati vya kulehemu na kiwanda. Usilehemu moja kwa moja juu ya betri, joto linaweza kuipasua.

Kaka alipojua nataka kuibadilisha alinipigia simu usiku.

"Usiiguse mpaka nikuletee hicho kifaa mwenyewe. Nakuja kaskazi."

"Sawa kaka. Naipima volti tu, siigusi."

Kipimo cha mwisho kilikuwa volti 2.9. Kifaa amekwisha kukinunua, na fundi ameniahidi mchana mmoja wa Januari.